Miraa ya Meru na Muguka wa Embu: Mmea Mmoja Mbele ya Taaluma Nyingi

Utangulizi

Ni mimea michache katika Afrika Mashariki iliyozua ubishi mrefu kama miraa. Kwa mkulima wa Igembe, mti huu ni karo ya watoto na mabati ya nyumba. Kwa daktari wa magonjwa ya akili, ni swali la kumwuliza kila kijana anayeletwa hospitalini akiwa hajalala kwa siku kadhaa. Mwanakemia huuona kuwa ghala la molekuli isiyotulia, naye mwanaanthropolojia huuona kuwa ufunguo wa kuelewea urika, posa na biashara. Kila mmoja wao anasema kweli, ila anasema kweli kuhusu swali lake mwenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza yale ambayo tafiti za taaluma hizo zimeyafikia kuhusu miraa inayokuzwa katika safu ya milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru, na muguka unaokuzwa katika nyanda za Mbeere, Kaunti ya Embu. Aidha, yanakusudia kuonyesha pale ambapo matokeo ya tafiti hizo yamevutwa kupita kiasi, aghalabu na wanasiasa wa pande zote mbili, hata yakabebeshwa mzigo ambao watafiti wenyewe hawakuwahi kuutwika.

Miraa na muguka ni spishi moja, Catha edulis. Jina hilo la kisayansi lilitokana na msafara wa wataalamu uliodhaminiwa na mfalme wa Denmark kwenda Arabuni katika karne ya kumi na nane. Mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Peter Forsskål, alifariki nchini Yemen mwaka 1763. Mwenzake, Carsten Niebuhr, ambaye ndiye pekee aliyerejea akiwa hai, aliyachapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Neno la kwanza la jina hilo limetoholewa kutoka Kiarabu, nalo la pili ni Kilatini na maana yake ni kitu kinacholika.

Ingawa spishi ni moja, ukulima ni mbalimbali. Katika Nyambene mmea huachwa ukue uwe mti, na mchumaji hupanda matawini kuchuma vijiti vyenye ganda jekundu. Mtafunaji huambua ganda hilo kwa meno na kulitafuna pamoja na ncha laini. Katika Mbeere mmea hupogolewa ukabaki kichaka kifupi, na kinachochumwa ni majani machanga na vichipukizi. Muguka haufungwi kwa ustadi katika vitita kama miraa. Hutiwa mifukoni, huuzwa kwa bei nafuu zaidi, na kwa sababu hiyo huwafikia watu ambao miraa ya daraja la juu isingewafikia. Tofauti hiyo ya bei, kama itakavyoonekana, ina uzito kuliko tofauti ya mimea.

Majina yake katika Kiswahili

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuutazama mmea huu. Neno miraa limeingia katika Kiswahili cha Kenya kutoka Kimeru, likiwa na umbo linalofanana kabisa na wingi wa ngeli ya M-MI. Hata hivyo, upatanisho wa ngeli hiyo katika wingi na ule wa ngeli ya I-ZI katika umoja hufanana sana, kwani husemwa miraa hii, miraa yake, miraa inauzwa. Ni kivumishi peke yake kinachomfichua msemaji: anayesema miraa mizuri ameiweka katika ngeli moja, naye anayesema miraa nzuri ameiweka katika nyingine. Watumiaji wengi wa lugha huchagua njia ya pili, jambo linaloashiria kwamba neno limeacha kuhesabiwa kama miti na limeanza kuhesabiwa kama bidhaa, mfano wa chai au kahawa. Muguka, kwa upande wake, umebaki na u- ya ngeli yake katika vinywa vya wengi.

Tanzania huitwa mirungi, na Uganda mairungi. Wasomali husema jaad au qaad, nao Waethiopia chat. Katika mitaa ya Nairobi na Mombasa yamezuka majina kama gomba, veve na jaba, na kitenzi kuchana kimepanuka maana kikabeba tendo zima la kutafuna. Hali inayompata mtafunaji baada ya saa moja au mbili imepewa jina lake pia, handasi, ambalo Neil Carrier amelijadili katika utafiti wake. Lugha haipotezi majina kwa jambo lisilokuwa na nafasi katika maisha ya watu.

Yaliyoandikwa na wanahistoria na wanaanthropolojia

Kazi mbili ndizo nguzo za maarifa ya kijamii kuhusu miraa ya Meru. Ya kwanza ni tasnifu ya uzamifu ya Paul Goldsmith, iliyowasilishwa katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1994. Ya pili ni kitabu cha Carrier kuhusu miraa ya Kenya kilichochapishwa mwaka 2007. Goldsmith aliitazama miraa kama sehemu ya kilimo mseto kilichokomaa kwa vizazi vingi. Katika maelezo yake, mti wa miraa haukuwafukuza mimea wengine shambani, bali uliishi nao, mahindi na maharagwe yakipandwa kivulini mwake. Mti ulio na mizizi ya kina huvumilia ukame, hauhitaji kung'olewa na kupandwa upya, na hushikilia udongo wa mteremko. Hoja hii husahaulika mara nyingi katika mijadala ya kubadilisha zao. Anayemshauri mkulima wa Nyambene aing'oe miraa apande parachichi hapaswi kumpa hesabu ya fedha peke yake. Anapaswa pia kumweleza kitakachoushikilia udongo huo katika miaka ambayo mparachichi bado haujazaa.

Carrier naye aliufuata mmea tangu shambani hadi London, na akaona kitendawili kilichozaa mojawapo ya makala zake mashuhuri ya mwaka 2005. Mti ni wa polepole, lakini jani ni la haraka. Mti huweza kuishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Ile ya kale zaidi huitwa mbaine, kwa jina la rika la zamani la Wameru, na vijiti vyake huheshimiwa na kuuzwa ghali. Jani, kinyume chake, likishachumwa huhesabiwa kwa saa. Hufungwa katika majani ya mgomba ili lisinyauke, hupakiwa magarini huko Maua, Muringene au Laare, na madereva wa pikapu huendesha kwa kasi ambayo imewafanya wawe sehemu ya ngano za barabara ya kuelekea Nairobi. Kutoka huko sehemu yake hupelekwa Eastleigh, na nyingine hupandishwa ndege kuelekea Somalia. Hata vipimo vya biashara hii vina mantiki yake: kitita kinachoitwa kilo huundwa kwa vitita vidogo kumi viitwavyo shurba, na hakina uhusiano wowote na kilo ya mizani.

Katika jamii za Igembe na Tigania, miraa si bidhaa tu. Ncoolo, kitita kinachofungwa kwa namna maalumu, hupelekwa kwa wazazi wa msichana katika kuposa, na miraa hupokezanwa wazee wanapoketi kuamua mashauri. Masimulizi ya wazee husisitiza kwamba zamani kutafuna kulikuwa haki ya watu wazima waliotimiza wajibu wao. Vijana wa siku hizi, kama Carrier alivyoonyesha, wameigeuza kuwa alama ya ujana wenyewe. Ni vyema kuyasoma masimulizi hayo kwa tahadhari, maana katika kila jamii wazee husimulia kwamba zamani vijana walijizuia.

Kuhusu Mbeere maandishi ni machache zaidi. Jack Glazier aliandika mwaka 1985 juu ya ardhi na namna mila ilivyotumiwa kuidai, na David Brokensha na Bernard Riley waliandika juu ya mimea na maisha ya Wambeere katika miaka hiyohiyo ya 1980. Kazi hizo zilifanyika kabla ya muguka kuwa zao linalotawala. Msomaji wa leo anayezipitia huikuta Mbeere ya mtama, mbuzi, pamba na tumbaku, nchi kavu iliyo chini ya ukanda wa kahawa na chai wa Embu, ambayo serikali haikuitarajia itoe zao la kulifanyia siasa. Kwa hiyo muguka umepanda kutoka pembezoni, na historia yake ya kina ingali inasubiri mwandishi.

Kemia ya jani

Wanakemia walihangaika na mmea huu kwa takriban miaka 90. Mwaka 1887 Flückiger na Gerock waliyachunguza majani wakitarajia kupata kafeini, kwa sababu athari zake zilifanana na za kahawa. Hawakuipata; walipata dalili za alkaloidi nyingine. Mwaka 1930 Wolfes aliitambua kathini, na kwa muda mrefu ikadhaniwa kwamba fumbo limekwisha. Lakini hesabu haikulingana. Kiasi cha kathini kilichopimwa katika majani kilikuwa kidogo mno kuweza kueleza uchangamfu wa watafunaji, na watumiaji wenyewe tangu jadi walisisitiza kwamba jani bichi ndilo lenye nguvu, ilhali kathini ilipatikana kwa wingi katika majani makavu. Ni dhahiri kwamba katika jambo hili mtafunaji alikuwa mbele ya maabara. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia dawa za kulevya ilichunguza majani mabichi na kutenga alkaloidi mpya, kathinoni, na hapo ndipo hesabu ilipoanza kulingana.

Kathinoni na kathini zinatofautiana kidogo sana. Katika molekuli ya kathinoni, kaboni moja imeshikamana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Katika kathini, mahali hapohapo pamepokea haidrojeni na kuwa na umbo la alkoholi. Badiliko hilo dogo huifanya molekuli ipenye kwa shida zaidi kwenye mafuta yanayoizunguka mishipa ya ubongo, na hivyo athari yake kwenye ubongo hupungua. Ndani ya jani, vimeng'enya hufanya badiliko hilo jani linapokomaa na linaponyauka, na kutoa kathini pamoja na norefedrini. Ndiyo maana ncha changa huthaminiwa kuliko majani ya chini.

Umbo la kathinoni lenyewe halitofautiani sana na la amfetamini, na majaribio yaliyofanywa Geneva na Peter Kalix katika miaka ya 1980, kwa kutumia tishu za ubongo wa wanyama wa maabara, yalionyesha kwamba huchochea ncha za neva zitoe dopamini kwa njia inayofanana na ya amfetamini. Kutoka hapo wengi wamerukia kusema kwamba miraa ni amfetamini. Kauli hiyo ina kosa la msingi. Dawa haijulikani kwa umbo lake tu, bali pia kwa kasi ya kuingia mwilini. Mtafunaji huchukua saa kadhaa kukamua vijiti vyake, sehemu kubwa ya kathinoni hufyonzwa kupitia ngozi laini ya mashavu, na majaribio ya Ulaya yaliyopima damu ya watu waliojitolea yameonyesha kwamba kiwango cha juu hufikiwa takriban saa mbili baada ya kuanza kutafuna. Tumbo na taya huweka mpaka wa kiasi anachoweza kumeza mtu. Mpaka huo huondoka kemia inapotoka nje ya jani. Dawa za viwandani zilizobuniwa kwa kuibadilisha kathinoni, mathalani mefedroni iliyopigwa marufuku Uingereza mwaka 2010, humwingia mtu kwa dakika na zimesababisha vifo. Upande wa pili wa ukoo huohuo upo pia: bupropioni, dawa ya kutibu sonona na kuwasaidia watu kuacha sigara, ni jamaa ya kathinoni.

Kuna imani nyingine inayohitaji kusahihishwa, nayo ni ile ya saa 48. Husemwa, hata katika vitabu, kwamba baada ya muda huo jani huwa halina kathinoni. Usemi huo ni wa kweli kwa jani linalonyauka polepole likiwa na unyevu, kwa sababu vimeng'enya huhitaji maji ili vifanye kazi. Jani likikaushwa upesi, vimeng'enya husimama. Chappell na Lee waliripoti mwaka 2010 kwamba kathinoni huweza kubaki katika majani makavu kwa miaka. Kwa mfanyabiashara wa Maua jambo hili si dogo, kwani baada ya Ulaya kufunga milango yake kwa majani mabichi, maofisa wa forodha wamekuwa wakinasa majani makavu katika vifurushi vya posta.

Tiba: yanayojulikana na yanayodhaniwa

Athari za muda mfupi hazina ubishi. Miraa huondoa usingizi na njaa, hupandisha shinikizo la damu na kuongeza mapigo ya moyo, huchochea mazungumzo, na baadaye humwachia mtafunaji uchovu na huzuni. Tanini zake hufunga choo. Hayo hayahitaji daktari. Mke wa mtafunaji anayajua.

Ugumu huanza kwenye madhara ya muda mrefu. Kuhusu moyo, utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Al-Motarreb na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005. Watafiti hao waliwalinganisha wagonjwa wa mshtuko wa moyo nchini Yemen na watu wasiokuwa na ugonjwa huo, wakaona kwamba hatari huongezeka kadiri kutafuna kunavyozidi, na kwamba kwa watafunaji wakubwa kabisa hatari hiyo ilikuwa takriban mara 39. Tarakimu hiyo hutisha, na imetumiwa mara nyingi kutishia. Hata hivyo, haipasi kuhamishwa kutoka Sana'a hadi Siakago bila kufikiri. Utafiti wa aina hiyo huonyesha kwamba mambo mawili yanaambatana, na kundi la watafunaji wakubwa huwa na watu wachache, hivyo makadirio yake huyumba. Pamoja na hayo, mwelekeo wa kuzidi kwa hatari sambamba na kipimo ni hoja nzito, na mtu mwenye shinikizo la damu atafanya vizuri kuisikiliza.

Kuhusu akili, Michael Odenwald na wenzake walifanya uchunguzi mjini Hargeisa uliohusisha watu 4,854, nao wakachapisha matokeo mwaka 2005. Waliona matatizo makubwa ya akili miongoni mwa wanaume waliokuwa wapiganaji, na kwamba utumiaji wa kupindukia wa miraa ulioanza mapema ulihusiana na matatizo hayo. Lakini huko kulikuwa na vita. Nani atakayetenganisha kidonda cha bunduki na kidonda cha jani? Watafiti wenyewe walilitambua tatizo hilo, ijapokuwa walionukuu kazi yao hawakuwa waangalifu kama wao.

Kwa hiyo utafiti wa Linnet Ongeri na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, una thamani ya pekee kwa sababu ulifanywa nyumba kwa nyumba katika eneo la mashariki mwa Kenya ambako mmea wenyewe hulimwa, nako hakukuwa na vita. Watu 831 walihojiwa, na zaidi ya theluthi moja walikuwa watumiaji wa wakati huo. Watumiaji waliripoti baadhi ya dalili, kama vile kuona au kusikia visivyokuwapo, kuliko wasiotumia. Hata hivyo, vigezo vingine vilipoingizwa katika hesabu, pombe na sigara vilijitokeza kwa nguvu, na watumiaji wengi wa miraa walikuwa pia watumiaji wa vitu hivyo. Picha inayopatikana si ya jani linalomtia mtu wazimu peke yake, wala si ya jani lisilo na hatia. Ni ya kijana anayetafuna mchana kutwa, akavuta sigara kuikoleza handasi, kisha akanywa pombe usiku ili aweze kulala. Anayetaka kumtibu kijana huyo hapana budi aitazame siku yake nzima.

Yapo madhara mengine ambayo hayapimwi kwa damu. Watoto wa Igembe wanaoacha shule kwenda kuchuma hupata fedha mapema na elimu kidogo, na jambo hilo limezungumzwa na walimu wa Meru kwa muda mrefu kuliko lilivyozungumzwa na madaktari. Tena ipo hatari ya dawa za kuua wadudu. Miraa na muguka hutafunwa vibichi, mara nyingi siku ileile au ya pili baada ya kuchumwa, wala havipikwi. Dawa iliyonyunyizwa juzi huenda moja kwa moja mdomoni. Madaktari wa Yemen walikwisha kuonya juu ya jambo hili tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Kichaka cha muguka, chenye majani machanga mengi yaliyo karibu na ardhi, hakina kinga yoyote ya kimaumbile dhidi ya mkulima mwenye bomba na haraka.

Sheria na ushahidi

Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani liliihesabu miraa miongoni mwa vitu vinavyoweza kutumiwa vibaya. Mwaka 2006 kamati yake ya wataalamu iliutazama upya ushahidi na kuona kwamba hatari ya uraibu ni ndogo na kwamba mmea wenyewe haustahili kuwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Nchini Uingereza baraza linaloishauri serikali kuhusu dawa za kulevya lilitoa ripoti mwezi Januari 2013 likipendekeza miraa isipigwe marufuku, kwa kuwa ushahidi wa madhara haukutosha. Serikali iliipokea ripoti hiyo, ikaishukuru, na ikaipiga miraa marufuku kuanzia tarehe 24 Juni 2014. Uholanzi ilikuwa imetangulia mwaka mmjoa na nusu nyuma. Soko lililokuwa likipokea zaidi ya tani 2,500 kwa mwaka likafungwa, na pigo likatua Nyambene.

Marufuku si jambo geni kwa zao hili. David Anderson na Carrier wameonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyojaribu katika miaka ya 1940 na 1950 kuizuia miraa isifike kaskazini mwa Kenya, na jinsi leseni na misako ilivyoshindwa na wafanyabiashara waliozijua njia kuliko askari. Siad Barre aliipiga marufuku Somalia mwaka 1983. Mogadishu ilizuia ndege za miraa mwezi Machi 2020 na kuziruhusu tena mwezi Julai 2022. Kenya yenyewe iliitambua miraa kisheria kuwa zao la biashara mwaka 2016, wakati ambapo jirani yake Tanzania iliendelea kuihesabu kuwa dawa ya kulevya.

Mvutano wa karibuni zaidi ulihusu muguka. Mwezi Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitangaza hatua za kuuzuia katika kaunti zao, wakitaja hali ya vijana wa pwani. Viongozi wa Embu walipinga, Rais akasema kwamba amri hizo haziwezi kupingana na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu iliyoketi Embu ikazisimamisha kwa muda. Katika kelele hizo pande zote mbili zilitaja utafiti. Wa pwani walinukuu tafiti za Yemen na Somalia zilizohusu vijiti au majani ya huko. Wa Embu walinukuu uamuzi wa mwaka 2006. Swali ambalo lingeweza kuamua angalau sehemu ya ubishi, yaani muguka wa Mbeere unaouzwa kwa bei nafuu Mombasa una kathinoni kiasi gani ukilinganishwa na kangeta au giza ya Nyambene, na mnunuzi wake hutafuna kiasi gani kwa siku, halikuwa kiini cha hoja ya upande wowote. Mama anayeuza muguka kandokando ya barabara ili alishe wanawe, na mama mwingine wa mtaa huohuo ambaye mwanawe haamki tena kwenda kazini, wote wawili waliachwa na maneno ya jumla.

Kupima si jambo lisilowezekana. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Embu vyote viko katika ukanda wa mlima huohuo, na sampuli zinaweza kufika maabarani zikiwa bado zina umande. Kizingiti kiko kwingine. Ili kifaa kiweze kutaja kiasi cha kathinoni katika jani, sharti kwanza kionyeshwe kathinoni safi ya kulinganishia, nayo kathinoni safi imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, ambalo ni kali kuliko yote. Mchuuzi anaweza kuondoka Kiritiri na magunia ya muguka garini bila kuvunja sheria ya nchi. Mtafiti anayehitaji miligramu chache za kupimia magunia hayo sharti apate kibali cha nchi inayouza na kibali cha nchi inayonunua.